Shefu, wanakuita nani ukishatoka?



Siku utaingia kazi, hata kama ni kazi ndogo ya kusimamia watu watano, utapata majina mawili. La kwanza litaandikwa kwenye mlango wa biro na kwenye raporti. La pili watakupa wale unaosimamia. Hautaliona kwenye karatasi yoyote, na watalitumia tu ukishatoka. Mimi nasema hili jina la pili ndilo lina habari.

Siku hizi, kwenye formasio nyingi, wanatufundisha kwamba kiongozi mzuri ni yule anajijua: ujue nguvu yako, ujue uzaifu wako, ujaze fomu, ujipe pointi. Sikatai. Lakini mtu anayejaza fomu peke yake ameuliza swali kwa yule mmoja ambaye hawezi kuona mgongo wake. Historia ya inchi yetu iko na kioo cha zamani zaidi kuliko hizo fomu, na kilishikwa na watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Kioo hicho ni majina.

Tuanze na lile linalojulikana kuliko yote. Mwaka 1879 Henry Morton Stanley alirudi Kongo, safari hii kwa kazi ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Akajenga posti kule Vivi, karibu na Matadi ya leo, kisha akaanza kufungua barabara kando ya maporomoko ya mto mpaka Isangila. Pale ni mawe juu ya mawe. Watu wa kule wakamwona anashika nyundo kubwa, anavunja mawe na kufundisha wengine kuvunja. Wakamwita Bula Matari, ao Bula Matadi, maana yake mvunja mawe.

Stanley alilipenda hilo jina. Aliandika juu yake kwa majivuno, kama mtu aliyepewa medali. Alipokufa mwaka 1904 alizikwa Pirbright, kule Uingereza, chini ya jiwe kubwa. Juu ya jiwe wakachonga jina lake, wakaongeza Bula Matari, na chini wakaweka neno moja: Afrika.

Lakini huku kwetu jina halikuenda kaburini pamoja naye. Lilihamia kwa wale waliokuja nyuma yake, wakubwa wa posti na wakubwa wa wilaya, mwisho likawa jina la leta yenyewe. Bula Matari akawa yule anakuja kuhesabu watu, anachukua kodi, anatuma vijana kwenye kazi ya barabara, anataka kauchu. Neno ni lilelile. Kwa mwenye jina lilikuwa sifa ya mtu wa kazi. Kwa waliobeba mizigo lilikuwa nguvu inayovunja chochote kiko mbele yake, jiwe ao mtu. Stanley alisikia upande mmoja tu wa jina lake, na huo upande mmoja ndio ulichongwa kaburini.

Musifikiri ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Angalieni Hamed bin Muhammed, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyetawala sehemu kubwa ya Maniema, na ambaye mwaka 1887 aliwekwa kuwa gavana kule Stanley Falls, Kisangani ya leo. Sisi wote tunamjua kama Tippu Tip. Aliacha habari ya maisha yake kwa Kiswahili, na yeye mwenyewe alieleza kwamba jina linatokana na mlio wa bunduki zake. Wengine walisema hapana, ni juu ya macho yake, yalikuwa yanapepesa bila kuacha. Sijali sana nani alikuwa na haki. Ninaona tu kwamba mkubwa alichagua maelezo yanayomwonyesha akiwa na bunduki mkononi, na watu walikuwa na maelezo mengine juu ya uso wake.

Mwanahistoria wetu mmoja, Osumaka Likaka, Mkongomani aliyefundisha Marekani, alitoa kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 2009, kwa Kiingereza, kinaitwa Naming Colonialism. Kinahusu majina ambayo Wakongomani waliwapa Wazungu toka miaka ya 1870 mpaka 1960: majina juu ya mwili, juu ya hasira, juu ya namna ya kutembea, juu ya fimbo, juu ya kazi ngumu. Somo kubwa ninalotoa pale ni hili: majina mengi yalikuwa na pande mbili. Muzungu alisikia sifa, kijiji kilisikia onyo. Mtu angeweza kuliimba mbele yake kabisa, naye akatikisa kichwa kwa furaha.

Juu ya nini watu walipita njia hiyo? Juu kusema waziwazi kulikuwa na bei. Ungemwambia mkubwa wa posti kwamba ni mkali bila sababu, ungelala gerezani. Basi hukumu ikafupishwa na kuwekwa ndani ya neno moja. Jina la namna hiyo ni raporti ya watu ambao hawana haki ya kuandika raporti. Tena ilikuwa na faida: mgeni aliyefika kijijini, akishasikia tu jina, alijua namna ya kusimama mbele ya mkubwa yule.

Hapa ndipo historia inagusa kazi zetu. Katika mradi mmoja wa mbegu ambako nilifanya kazi, shefu wetu alikuwa mtu wa akili, mwenye diplome nzuri, haibi hata franga moja. Watu wa shamba walimwita Kioo. Yeye, nilimsikia siku moja anacheka na mgeni, alifikiri ni sababu ya miwani yake. Hapana. Ni sababu ya gari. Kila akifika shambani alibaki ndani ya jeep, anaongea na kapita kupitia kioo kilichofunguka vidole vitatu, kisha anaondoka. Mama mmoja wa ushirika aliniambia: "Ule mutoto ni muzuri, lakini hatuyajua sura yake." Katika miaka miwili hakuna mtu alimwambia. Na ni nani angemwambia? Yeye ndiye alikuwa anaweka sahihi kwenye mikataba yetu.

Ona vizuri: hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye cheo kilimzunguka kama lile gari. Ninaamini hili ndilo jambo la kwanza la kujua juu ya kujijua kazini: kadiri unavyopanda, ndivyo habari za kweli juu yako zinapungua. Si kwa sababu watu ni wanafiki. Ni kwa sababu sahani ya watoto wao iko mkononi mwako.

Sisi wa agronomia tuna historia yetu ndani ya mambo haya, na si historia ndogo. Toka 1910 mpaka 1933 agrikiltire ya Kongo ya Ubelgiji iliongozwa na Edmond Leplae, mtu mwenye elimu, profesa wa Louvain. Aliangalia namna Waholanzi walivyolimisha watu kwa nguvu kule Java, akasadiki kwamba ndiyo njia. Sheria ya mwaka 1917 ikaruhusu leta kulazimisha vijiji kulima mazao fulani, siku 60 kwa mwaka. Pamba ikaingia namna hiyo. Maniema ni kati ya sehemu zilizoonja kwanza. Wakati wa vita, mwaka 1942, siku zikafika 120. Monitere alipima shamba, agronome alipita kuhakikisha, na asiyelima alijua njia ya amandi na ya gereza.

Kwenye karatasi, siku 60 zinaonekana kidogo. Lakini yeyote kati yetu aliyewahi kupalilia anajua kwamba shamba halihesabu siku, linahesabu wakati. Pamba ilitaka mikono wakati uleule ambao muhogo, mahindi na mpunga vilikuwa vinaitaka. Mama aliyepalilia pamba ya leta leo aliacha majani yale chakula chake kesho. Wakulima walijua hesabu hii toka mwaka wa kwanza. Je, agronome angeijua kwa nani? Kila akiuliza, jibu lilikuwa "ndiyo, bwana."

Pamba ya lazima haikuwa ya kwetu peke yake. Kule Msumbiji, chini ya Wareno, wanahistoria wameandika juu ya wakulima waliokaanga mbegu za pamba kabla ya kuzipanda. Mbegu haikuota, na wakubwa wakafikiri udongo ule haufai kwa pamba. Nilivyosoma hivyo mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mtu alisoma miaka mingi, akaja na vyombo vya kupima, akaandika raporti juu ya udongo, wakati habari yote ilikuwa kwenye chungu cha mama mmoja. Alipima kila kitu isipokuwa namna watu walivyomwona yeye.

Haki inataka nisimulie na upande mwingine. Mwaka 1933 Wabelgiji walianzisha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, makao yake Yangambi, kwenye mto, chini ya Kisangani. Kazi ya sayansi iliyofanyika pale ilikuwa ya juu sana. Michikichi ya aina ya tenera, ambayo leo inalimwa dunia nzima, inatokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Yangambi. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walionyesha namna unene wa ganda la kokwa unavyorithiwa.

Na kuna jambo la Yangambi ambalo ninalipenda kuliko hilo. Watafiti walijaribu kwanza kulima msitu kwa mazoea ya Bulaya: kusafisha kabisa, kufungua udongo kwa jua na mvua. Udongo ukachoka haraka. Mkulima wa pale alikuwa anakata kipande, analima miaka michache, kisha anakiacha kilale mpaka msitu urudi. Wakubwa walikuwa wameita hiyo njia uvivu na uharibifu. Mwishoni walikubali kwamba mkulima alikuwa na sababu. Wakatengeneza mpango wa kulima kwa vipande virefu, kipande kimoja cha shamba na kimoja cha msitu unaopumzika, kwa kufuata mzunguko uleule wa wenyeji. Wakuu wa INEAC wenyewe, Jurion na Henry, waliandika juu ya safari hiyo ya mawazo katika miaka ya 1960. Kwa msomi kukubali kwamba mtu asiye na diplome alikuwa mbele yake, si jambo dogo.

Lakini angalieni mahali waliposimama. Walijifunza juu ya udongo, hawakujifunza juu ya amri. Mpango ule ulipelekwa vijijini kwa jina la paysannat, na baada ya vita ukawekwa ndani ya Mpango wa Miaka Kumi, 1949–1959. Familia ziliwekwa kwenye mistari iliyochorwa bironi, mwaka wa kulima kitu gani umeshaandikwa, pamba ndani yake. Elimu ilikuwa imetoka kwa mkulima, ikarudi kwake ikiwa imevaa kofia ya leta, naye hakuitambua tena. Uhuru ulipofika mwaka 1960 na woga ukaondoka, mipango mingi ya namna hiyo ilivunjika. Mashamba hayakusahau sayansi. Watu walikuwa wameacha kutii, na chini ya utii hapakuwa na kitu kingine.

Mtu ataniambia: hao walikuwa wakoloni, sisi ni watoto wa inchi. Basi tuende kwenye mwaka 1973. Tarehe 30 Novemba Mobutu alitangaza kwamba plantasio na biashara za wageni zinarudi kwa Wazairwa. Wengi wa waliopewa walikuwa watu wa siasa, na hawakuwa wamewahi kusimamia hata hekta moja ya kahawa. Jina lao la sheria lilikuwa acquéreurs, wenye kupata. Watu walichukua neno lile la serikali, hawakubadilisha hata herufi, wakalifanya la kuchekesha na kuumiza: yule anapata, anakula, anaacha. Katika miaka michache plantasio nyingi na maduka yalianguka, na serikali ikaanza kurudisha mali kwa wenyewe wa kwanza. Ngozi ya shefu ilikuwa imebadilika. Swali ambalo hakujiuliza lilibaki lilelile: hii kazi ninaijua? Na ni nani hapa anaijua kunipita?

Sasa nifike nyumbani, kwenye milima ya Kivu, sababu huku swali hili linabeba maisha ya watu. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni, agronome wa Kibelgiji walilazimisha watu kuchimba fosse za kuzuia mmomonyoko, zikizunguka kilima, na kupanda majani kwenye kingo zake. Kwa sayansi walikuwa na haki: kwenye mteremko kama wetu, maji yanapaswa kusimamishwa. Baada ya 1960 fosse nyingi ziliachwa, zikajaa udongo. Nyingine zilifutwa na wenyewe, kwa jembe.

Nilipokuwa kwenye staji, tulipanda kilima kimoja kwenda kuonyesha watu namna ya kuchora mstari wa fosse. Mzee mmoja alituangalia mpaka tumemaliza. Kisha akauliza polepole: "Zile za Wabelgiji tulichimba juu ya amandi. Hizi zenu, tutachimba juu ya nini?" Msimamizi wetu akajibu kwamba mradi utalipa franga kwa kila mita. Mzee akasema: "Basi siku franga zitaisha, na fosse zitaisha."

Hakuwa anatukana. Alikuwa anatupa historia ya miaka 70 katika maneno machache. Alikuwa ameona fimbo, ameona franga, na alijua kwamba vyote viwili vinaondoka pamoja na aliyevileta. Mwezi wa Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 400 kule Bushushu na Nyamukubi, Kalehe. Mvua ilikuwa kubwa sana, na sisemi kwamba fosse peke yake zingeizuia. Ninasema kwamba huku kwetu kilima kisicholindwa ni hatari ya kufa. Agronome asiyejua namna anavyoonekana ataacha kilima kama alivyokikuta, hata kama raporti yake imejaa mita.

Njo maana mimi napima uongozi kwa swali moja: nikiondoa fimbo, nikiondoa franga, nikiondoa sahihi yangu, nini kitabaki ambacho watu wataendelea kufanya? Jibu la swali hilo haliko ndani ya moyo wangu, hata nikijichunguza usiku kucha. Liko kwa wengine. Kujijua kazini ni kazi ya kutafuta habari, kama kuchukua sampuli ya udongo: unatoka bironi, unachimba mahali mbalimbali, hauchagui tu pale panapokufurahisha.

Namna gani? Nitasema yale niliyoona yanafanya kazi. Kwenye mkutano, mwenye cheo aongee mwisho, na mdogo kuliko wote aanze. Shefu akishasema, wengine wanarudia tu. Ukiuliza "kuna shida?", watakuambia hakuna. Uliza "ni kitu gani hapa kinawachelewesha?", utasikia mambo. Mtu akikuletea habari mbaya, mshukuru mbele ya wengine, juu wote wanaangalia kitakachompata. Ukipata nafasi, rudi mahali ambako mradi umefungwa zamani, bila gari ya mradi, uone kilichobaki.

Na lile jina? Usimtume mtu kulichunguza, usiulize nani alilianzisha. Shefu anayewinda aliyempa jina amejipa jina la pili, baya kuliko la kwanza. Likifika kwako, na siku moja litafika kwa mdomo wa mtoto ao wa mlevi, likubali kama unavyokubali majibu ya laboratware. Usikimbilie maana ya kujisifu, kama Stanley na nyundo yake. Uliza moyoni: waliolipa bei ya kazi yangu, wao wanasikia nini ndani ya neno hili?

Wengi wetu tutakuwa mashefu mapema kuliko tunavyofikiri. Inchi ina vijana wengi na kazi zinazosubiri mtu wa kuziongoza. Kwa hiyo nauliza kila mmoja wenu aliye na watu chini yake, hata wawili tu: jana jioni, ulipofunga mlango wa biro na hatua zako zikasikika mbali, walikuita nani?